Hisia za wawekezaji: kwa nini hisa za shirika la ndege huweza kupanda watu wakipunguzwa kazini

Tarehe 28 Aprili 2020, janga la korona likiwa limesimamisha safari nyingi za ndege, IAG, kampuni inayomiliki British Airways, ilitangaza kwamba shirika hilo huenda likapunguza wafanyakazi hadi 12,000. Wakati huo British Airways ilikuwa na watu wapatao 42,000. Siku nne baadaye, tarehe 2 Mei, Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, aliwaambia wanahisa wa kampuni yake ya uwekezaji, Berkshire Hathaway, kwamba imeuza hisa zake zote katika mashirika manne makubwa ya Marekani: American, Delta, Southwest na United. Soko lilipofunguliwa Jumatatu, hisa za mashirika hayo zilishuka.

Habari ya kwanza ni ya watu kupoteza ajira, ya pili ni ya mtu kuondoa fedha zake, lakini wachambuzi wa soko huzieleza zote mbili kwa maneno yale yale: hisia za wawekezaji. Maneno hayo husomwa karibu kila siku kwenye kurasa za biashara bila kufafanuliwa, na mfanyakazi aliyepokea barua ya kuachishwa kazi ana haki ya kujua yana maana gani.

Hisia za wawekezaji ni mtazamo wa jumla walio nao wenye fedha kuhusu kampuni, sekta au soko zima kwa wakati fulani. Wana matumaini au wana hofu. Wako tayari kuweka fedha au wanatafuta mlango wa kutokea. Mtazamo huo hauna budi kutofautishwa na hali halisi ya kampuni. Ndege, ruti na marubani wa Ijumaa ndio wale wale wa Jumatatu, ila bei ya hisa imebadilika, kwa sababu bei ya leo imebeba makisio ya miaka kadhaa ijayo. Buffett alipouza, alieleza wazi kwamba hajui kama baada ya miaka miwili au mitatu watu watakuwa wanasafiri kwa ndege kama walivyosafiri mwaka uliotangulia. Aliuza kwa sababu ya kutojua huko.

Bei ya hisa ndicho kipimo kinachojulikana zaidi, lakini katika mgogoro kipo kingine kinachosema kweli zaidi, nacho ni riba. Mei 2020 United ilitaka kukopa dola bilioni 2.25 kwa kuuza hati fungani, dhamana ikiwa ndege zake za zamani. Wawekezaji walidai riba ya karibu asilimia 11, na United ikaliacha zoezi hilo. Wiki chache baadaye shirika lile lile lilipata dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani mpango wake wa pointi za wasafiri, MileagePlus. Hebu litazame jambo hilo kwa makini. Ndege, kitu cha chuma chenye injini, ilionekana haina maana kwa kuwa viwanja vilikuwa vimejaa ndege zilizoegeshwa na hakuna aliyezitaka. Pointi, ambazo benki huzinunua kwa ajili ya wateja wao wa kadi, ziliendelea kuingiza fedha hata abiria wakiwa nyumbani. Hapo ndipo hisia za wawekezaji zinapoonekana zilivyo: swali lao ni fedha itatoka wapi mwezi ujao.

Sasa tuje kwa wafanyakazi. Kwa nini wao ndio huguswa mapema?

Shirika la ndege lina gharama zinazokufa ndege ikisimama na gharama zisizokufa. Mafuta hayachomwi, ada za kutua hazilipwi. Lakini kodi ya ndege zilizokodishwa inaendelea, riba ya mikopo inaendelea, matengenezo yanaendelea (ndege iliyoegeshwa nayo inahitaji mafundi), na mishahara inaendelea. Ni kama mwenye daladala ambaye barabara yake imefungwa: dizeli haimsumbui tena, lakini benki inataka rejesho lake na dereva ana watoto wa kulisha. Tofauti ni kwamba shirika la ndege lilikwisha kupokea nauli za safari za miezi ijayo, na abiria sasa wanadai warudishiwe.

Kwa hiyo fedha zinatoka kila siku bila nyingine kuingia. Delta ilieleza kwamba mwishoni mwa Machi 2020 ilikuwa inateketeza dola milioni 100 kwa siku. Mkodishaji wa ndege ana mkataba na mahakama. Benki ina dhamana. Mfanyakazi ana mkataba pia, lakini katika nchi nyingi wake ndio mwepesi kuvunjwa. Hiyo ndiyo sababu, na haina uhusiano na uhodari wa mtu kazini.

Mwekezaji akisikia watu 12,000 wanapunguzwa, anasikia mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, uongozi umekubali kwamba hali ni mbaya na unachukua hatua. Hilo linampa faraja. Pili, uongozi wenyewe unaamini mgogoro hautaisha upesi. Hilo linamtia hofu. Bei ikipanda au ikishuka siku hiyo, inategemea ni lipi limezidi, na lipi alikuwa amekwisha kulitarajia. Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba soko hufurahia watu kufukuzwa, ingawa naelewa kwa nini aliyefukuzwa anaiona hivyo anapotazama bei imepanda.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuchukue shirika la kubuni lenye akiba ya shilingi bilioni 60, linaloteketeza bilioni 10 kwa mwezi, ambazo kati yake bilioni 4 ni mishahara. Akiba hiyo itadumu miezi sita. Likipunguza nusu ya wafanyakazi, matumizi yanashuka hadi bilioni 8, na akiba itadumu miezi saba na nusu. Lakini wanaoondoka wanalipwa kiinua mgongo na haki zao nyingine. Tuseme ni bilioni 6, zinazotoka mara moja. Zinabaki bilioni 54, ambazo kwa matumizi ya bilioni 8 zinadumu miezi sita na wiki tatu hivi. Nusu ya watu wameondoka, na shirika limenunua wiki tatu.

Mgogoro ukiwa wa miezi minane, hesabu hiyo haiokoi kitu. Ukiwa wa miaka mitatu, na shirika likapata mtaji wa kuvuka, mishahara iliyopunguzwa italeta tofauti kubwa. Kupunguza wafanyakazi basi ni dau kuhusu urefu wa mgogoro, na tangazo la kupunguza watu linamwambia mwekezaji ni dau gani uongozi umeweka. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote, maana taarifa za mashirika hupenda kuzungumzia ufanisi na kujipanga upya, na dau lenyewe haliandikwi popote.

Juni 2020 ilionyesha wazi kinachowasukuma wawekezaji. Mwishoni mwa Mei American Airlines ilisema itapunguza asilimia 30 ya watumishi wa usimamizi na ofisini. Tarehe 4 Juni hisa zake zilipanda kwa asilimia 41 kwa siku moja. Kilichozipandisha siku hiyo ni tangazo kwamba Julai shirika lingerusha asilimia 55 ya safari za ndani ya Marekani ilizorusha Julai ya mwaka uliotangulia. Vivyo hivyo tarehe 9 Novemba, Pfizer na BioNTech waliposema chanjo yao ya korona imefanya kazi kwa zaidi ya asilimia 90, hisa za IAG zilipaa kwa zaidi ya asilimia 20. Kilichozipaisha hakikuwa kupunguzwa kwa mtu. Abiria ndiye anayebadilisha hisia. Kupunguza watu huongeza tu muda wa kumsubiri.

Na muda huo unaweza kupatikana kwa njia nyingine. Serikali ya Marekani ilitoa dola bilioni 25 kulipia mishahara ya mashirika ya abiria, kwa sharti kwamba hakuna atakayepunguzwa hadi tarehe 30 Septemba 2020. Siku iliyofuata, American na United kwa pamoja ziliwasimamisha watu wapatao 32,000. Delta ilikuwa imepita njia tofauti: zaidi ya watu 17,000 walikubali kuondoka kwa hiari kwa malipo maalum, na zaidi ya 40,000 walichukua likizo bila malipo. Ujerumani iliiokoa Lufthansa kwa mpango wa euro bilioni 9 na kuchukua asilimia 20 ya hisa zake. Ethiopian Airlines, ambayo ni mali ya serikali na haina hisa sokoni, iling'oa viti kwenye baadhi ya ndege za abiria na kubeba mizigo, biashara ambayo bei zake zilikuwa zimepanda sana. Haikuwa na bei ya hisa ya kuitazama kila asubuhi, na nadhani hilo liliipa nafasi ya kufikiri.

Kuna gharama ambayo bei ya hisa haikuionyesha mwaka 2020, ikaja kulipwa baadaye. Rubani anatakiwa awe ameruka na kutua walau mara tatu ndani ya siku 90 ndipo aruhusiwe kubeba abiria. Akikaa zaidi ya hapo, anarudi kwenye mtambo wa mafunzo. Mpakia mizigo wa uwanjani naye hachukuliwi barabarani. Uingereza, anayeomba kazi ndani ya eneo la ulinzi la uwanja wa ndege huchunguzwa historia yake ya ajira ya miaka mitano, na watu waliokuwa wamehangaika na vibarua vingi vifupi wakati wa korona walichukua muda mrefu zaidi kuthibitishwa. Abiria waliporudi kwa wingi kiangazi cha 2022, watu hawakutosha. Mizigo ilirundikana Heathrow, uwanja mkubwa wa London, na kuanzia Julai uwanja huo ukaweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku. British Airways ilifuta maelfu ya safari. Abiria aliyetarajiwa kwa hamu miaka miwili alifika, akakuta hakuna wa kumpakilia mzigo.

Kwetu Afrika Mashariki somo hili lina jina lake, na jina hilo ni Kenya Airways. Hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1996, na baadaye zikaorodheshwa Kampala na Dar es Salaam pia, hivyo waliozishika ni pamoja na watu wa kawaida kabisa, walimu na wastaafu walioamini kaulimbiu yake ya Fahari ya Afrika. Mwaka 2012 kampuni iliwaomba wanahisa waongeze mtaji na kupata shilingi bilioni 14.5 za Kenya. Miezi michache baadaye, Septemba, iliwapunguza wafanyakazi 599, na mvutano wao ukaishia mahakamani kwa miaka. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2013 ulileta hasara ya shilingi bilioni 7.9. Ule ulioishia Machi 2015 ulileta hasara ya bilioni 25.7.

Madeni ya ndege mpya, mikataba ya bei ya mafuta iliyogeuka mzigo, hofu ya usalama iliyowafukuza watalii na Ebola iliyosimamisha safari za Afrika Magharibi vilikuwa vizito kuliko mishahara ya watu 599. Sisemi mishahara haikuhesabika. Nasema ugonjwa ulikuwa kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni, na dawa ikapelekwa kwenye orodha ya wafanyakazi.

Julai 2020, serikali ikiwa na mpango wa kulitaifisha shirika, biashara ya hisa za Kenya Airways ilisimamishwa. Mwanahisa mdogo alibaki na karatasi asiyoweza kuiuza, bei ikiwa imegandishwa kwenye shilingi 3.83, huku hasara ya mwaka huo ikifika bilioni 36.2. Bei ikigandishwa, hisia hazigandi. Zinakosa tu mahali pa kuonekana. Mpango wa kutaifisha uliachwa. Nusu ya kwanza ya 2024 kampuni ikapata faida ya shilingi milioni 513, na Januari 2025 hisa zikarudi sokoni. Siku za mwanzo bei ilipanda. Mwaka mzima wa 2024 ulifungwa kwa faida ya bilioni 5.4, ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi.

Kisha nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya takriban shilingi bilioni 12. Ndege tatu za Boeing 787, theluthi moja ya ndege hizo walizo nazo, zilikuwa zimesimama chini. Marubani na wahudumu wake walikuwepo, na abiria walikuwepo.