Mgongo wa gita si siri ya sauti yake
Inasemwa kwamba gita lenye mgongo wa rozwudi (mbao ngumu ya rangi ya kahawia) hulia kwa kina na lenye mgongo wa mkangazi hulia kavu. Tofauti hiyo hukuzwa mno, hasa kwenye magita ya bei nafuu. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi magita wa Uhispania, alitengeneza gita lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, lakini uso (ubao wa mbele wenye tundu la sauti) wa sprusi, mbao laini ya jamii ya msonobari, kuonyesha kwamba kazi kubwa hufanywa na uso.

Basi kagua uso. Chungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ya usoni ikishuka kupitia unene wote wa ubao, huo ni ubao mmoja. Ukiona matabaka, ni plaiwudi; kwa kawaida hutikisika kwa shida, na sauti hufifia mapema. Mgongo wa "rozwudi" kwenye gita kama hilo mara nyingi ni ngozi nyembamba ya nje tu, ndani ni mbao nyingine.