Kone ya kwanza ndiyo inayokuponza: slalom ya gari kwa anayeanza hapa Lubumbashi

Tuanze na jina, maana kwetu tunaosoma Kifaransa linachanganya. Mfaransa au Mbelgiji akisema autocross, mara nyingi ana maana ya magari kadhaa yanayofukuzana kwenye kiwanja cha udongo. Ninayoeleza hapa ni ile ya Wamarekani, ambayo inakaribia kile Wafaransa wanachokiita slalom: uwanja mpana wa lami, kone (vile vikoni vya plastiki vya barabarani) zimepangwa, gari moja linaingia peke yake, na saa inahesabu. Sehemu kubwa unaendesha kwa gia ya pili. Kwa kanuni za SCCA, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, kila kone unayoiangusha au kuisukuma nje kabisa ya alama yake inakuongezea sekunde 2. Ukiruka geti, yaani nafasi kati ya kone mbili unayotakiwa kupita, mzunguko huo hauna muda.

Gari la kawaida linatosha. Toyota Ist, Vitz, Corolla, yote yanafundisha vizuri. RAV4 na ndugu zake warefu yabaki nyumbani: uzito wake uko juu, na kuligeuza kushoto na kulia haraka haraka ndiyo njia ya kuliangusha. Tena Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa sababu ya hewa nyepesi. Mwendo ukiupoteza ovyo, Vitz itachukua muda kukurudishia.

Kabla ya injini, matairi. Magari mengine ya okazi kutoka Japani yanafika bado yamevaa matairi ya theluji. Tazama ubavuni: ukikuta neno STUDLESS, hayo si ya kazi hii. Mpira wake ni laini, umekatwakatwa vipande vidogo, na kwenye lami ya moto unayumba kabla gari halijageuka. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ndefu iliyochapwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka kumi silikubali, hata likionekana jipya.

Upepo: kama kibandiko cha mlangoni kinasema bar 2.2, anza na 2.6 mbele na 2.4 nyuma, ukipima matairi yakiwa baridi. Chora mistari ya chaki, hii hii ya shule, kutoka ubavuni hadi sehemu inayokanyaga lami. Baada ya mzunguko, chaki iwe imefutika hadi kwenye kona ya tairi, pale penye kipembetatu kidogo. Ikifutika kupita hapo, kuelekea rimu, tairi linajikunja: ongeza bar 0.1. Ikibaki bila kufutika kabla ya kona hiyo, punguza. Matairi yakipata moto upepo unapanda wenyewe, kwa hiyo pima tena. Nati za Toyota ndogo zinakazwa kwa Nm 103; azima kle dinamometriki (spana inayopima nguvu ya kukaza) garajini, usikisie kwa mkono. Toa gurudumu la akiba, jeki, kapeti ya dereva, na chupa yoyote inayoweza kubingirika hadi chini ya pedali ya freni.

Kiti wengi wanakiweka mbali mno. Mabega yakiwa yameegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya volani. Mikono ikae saa tatu na saa tisa.

Sasa kone. Uzunguke uwanja kwa miguu angalau mara tatu, na mara moja uchuchumae hadi usawa wa macho ya dereva, maana ukisimama njia inaonekana wazi kuliko utakavyoiona ukiwa umekaa. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kone zikiachana mita 18, kati ya moja na nyingine una sekunde 1.3 tu. Ndiyo maana macho hayafai kukaa kwenye kone unayoipita. Yawe mbili mbele.

Katika slalom kosa ni moja, limevaa nguo nyingi: kuchelewa. Anayeanza anasubiri apite kone ndipo akate volani. Gari linapanuka, anaifikia ya pili akiwa nje zaidi, anakata kwa nguvu zaidi, na kufikia ya nne tayari anaiponda au anasimama. Anza kugeuka kabla pua haijafika kwenye kone, ili sehemu ya njia iliyo karibu nayo kabisa iwe nyuma yake kidogo. Kone ya kwanza uiingie polepole kuliko unavyotamani. Ukiichelewa hiyo, zilizobaki zote utazilipia. Na kwa kuwa volani za magari yetu mengi ziko kulia, kone za kushoto ndizo zinazoanguka. Simamisha gari, mtu aweke chupa karibu na tairi la mbele la kushoto, uone kutoka kitini iko wapi.

Kwenye kona, freni imalizike gari likiwa bado limenyooka. Hesabu kidogo: tairi likiweza kushika 0.8 g (yaani nguvu ya pembeni sawa na asilimia 80 ya uzito wa gari), kona yenye nusu kipenyo cha mita 15 inapitika kwa kilomita 39 kwa saa. Uipanue njia yako hadi mita 20, inakuwa 45, kwa tairi lile lile. Kukiwa na vumbi letu jekundu la kiangazi, mshiko ukishuka hadi 0.6, ile ya mita 15 inabaki 34. Fagieni kwanza.

Pua ikikataa kugeuka na matairi ya mbele yakilia, mkono utataka kuongeza volani. Fanya kinyume: punguza gesi kidogo, rudisha volani kidogo, tairi lishike tena. Lakini usiachie gesi yote ghafla katikati ya kona, uzito utarukia mbele na mkia utatoka. Gari lenye ABS, kanyaga freni kwa nguvu na uiache pedali itetemeke. Otomatiki, zima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) na uweke 2, isije ikabadilisha gia katikati ya kone.

Mazoezi ya kwanza: uwanja uliofungwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, usio na nguzo, na mita 15 tupu hadi kwenye ukuta. Chupa tano za plastiki zenye maji kidogo, kila mita 18. Pita kwa kilomita 30, bila kugusa freni. Ukipita mara tatu bila kuangusha, ongeza 5. Barabarani, hata usiku wa manane, hapana.

Ukimaliza, zunguka polepole dakika mbili freni zipoe, na usivute ya mkono zikiwa bado moto. Weka gia na kabari ya tairi. Matairi yakishapoa, rudisha upepo hadi 2.2 kabla ya kushika njia ya nyumbani.