Kumwomba mzazi ahame sio kumtupa

Mwaka jana mwezi wa nane tulikaa kikao, watoto wanne, mmoja yuko kwenye simu toka Dar, tukaamua mama atoke kijijini Mpwapwa aje kuishi Dodoma mjini maana alishaanguka mara mbili, tukapanga mpaka chumba atakacholala, halafu ndo tukaenda kumwambia. Tulimkuta anapepeta uwele. Ungo haukusimama. Akauliza tu, "Mmeshamaliza kunigawa?"

Swali lile liliniuma sana, na naona familia nyingi zinapita humohumo, kwa hiyo wacha niseme.

Dhana: mzazi akishazeeka, watoto ndo wanaamua

Hapana. Mama ana akili zake, na miaka haimnyang'anyi mtu haki ya kusema atalala wapi. Hata aliyeanza kusahau bado anajua anachokipenda na anachokiogopa, sema tu hatumuulizi. Wiki mbili baadaye nilirudi peke yangu, habari ya kuhama sikuigusa kabisa, nikakaa naye kuchambua mlenda, nikamuuliza, mama, usiku ukiamka kwenda chooni unashika wapi? Akanyamaza. Halafu akanishika mkono akanipeleka ukumbini kunionyesha ukuta, kuna mstari mweusi wa viganja vyake toka mlango wa chumbani mpaka mlango wa nje, yaani amekuwa akitembea kwa kupapasa miezi yote ile na sisi tunapiga simu kila Jumapili "mama hujambo" anajibu sijambo. Hapo ndo mazungumzo yalipoanza, na akaanzisha yeye.

Kwa hiyo usisubiri aanguke, na usitegemee kikao kimoja kitamaliza. Kwetu imechukua miezi.

Dhana: mkishindwa, makao ya wazee ya serikali yapo

Yapo kweli, huku kwetu kuna Hombolo, na ukienda Singida kuna Sukamahela kule Manyoni. Ila sio mahali pa kumpeleka mama yako kwa sababu uko bize kazini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema jukumu la kumtunza mzee ni la familia na jamii kwanza, makao ni hatua ya mwisho kwa mzee asiyejiweza na asiye na wa kumtunza, na njia yake inaanzia serikali ya kijiji au mtaa halafu ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hivyo kwa wengi wetu kuhama maana yake ni kwenda kwa mtoto, au abaki kwake apate mtu wa kukaa naye.

Na tafadhali tuache kusema wanaoishi kule wamelaaniwa. Kuna ambao hawakujaliwa kuzaa, kuna waliozika watoto wao wote. Ukipita wasalimie.

Dhana: kusahau ni uzee tu, au karogwa

Kupotea njia aliyoipita maisha yake yote, kuuliza jambo lilelile mara kumi, huo unaweza kuwa ugonjwa wa ubongo, na mara nyingine chanzo ni kitu kinachotibika kama maambukizi au dawa anazotumia. Mpeleke hospitali kabla hamjaamua chochote, wampime na macho na masikio.

Dhana: anayemchukua mama ndo kachukua shamba

Hili linavunja ndugu kimyakimya. Mzazi akihama mali inabaki yake, mirathi haifunguliwi mtu yuko hai. Semeni mapema mbele yake, wote mkiwepo, ili anayemtunza asionekane mwizi.

Mama naye alitoa masharti yake. Kiangazi atakaa kwangu, mvua za mwezi wa kumi na mbili zikianza anarudi kulima, mjukuu mmoja atalala naye, na kaburi la baba lifyekewe akiwepo. Tulikubali yote, na ukutani kwake tumeshafunga bomba la kushikia, lile la chuma.

Bado hajaja. Ila Ijumaa iliyopita alipiga simu mwenyewe akaniuliza mlango wa choo chetu unafungukia ndani au nje.