Albamu ya Tropicália haikurekodiwa uhamishoni

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye magrupu ya wapenda muziki: kwamba "Tropicália ou Panis et Circencis", albamu iliyochanganya roki na midundo ya Brazili, ilirekodiwa kwa siri London na wanamuziki waliofukuzwa kwao. Si kweli.

Ilirekodiwa Brazili, ikatoka katikati ya 1968 na kuuzwa madukani waziwazi. Kuhakiki ni rahisi: linganisha tarehe. Amri iliyokaza kamba ya udikteta wa kijeshi wa Brazili ilitolewa Desemba 13, 1968. Waimbaji wawili wa albamu hiyo, Caetano Veloso na Gilberto Gil, walikamatwa mwishoni mwa mwezi huo, na London walifika 1969. Huko walirekodi albamu nyingine, ndipo mambo yanapochanganywa.

Jalada nalo linachangia. Mpangaji wa muziki wake, Rogério Duprat, ameshika poti ya kukojolea kama kikombe cha chai! Mtu akijua kwamba jeshi lilitawala tangu 1964, ni rahisi kudhani kitu kama hicho kisingeuzwa nchini. Kiliuzwa, na ujasiri huo ndio unaopotea hadithi inapopotoshwa.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mrudishie aliyekutumia tarehe hizo.