Kongwa: kambi ya wapigania uhuru na shida ya kungoja

Katika maandishi mengi Kongwa ya Tanzania hutajwa kwa maneno mawili tu: "kambi ya mafunzo". Si uongo, ila ni nusu ya habari. Kwa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa kweli mahali pa kumtoa kijana uraiani na kumfanya askari. Kwa wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia ilikuwa zaidi mahali pa kuwaweka watu waliokwisha kufundishwa nje, mpaka ipatikane njia ya kurudi kwao na silaha mkononi. Bila kuitenganisha kazi hii na ile, huwezi kuelewa kwa nini kambi moja ilizaa jeshi lililoingia vitani mwaka uleule, na pia malalamiko ya miaka.

Tuanze na swali la kwa nini pale. Kongwa iko mashariki ya mji wa Dodoma. Ukitokea Morogoro kwa barabara kuu unakunja Mbande. Ni nchi kavu ya Wagogo, na kabla ya 1947 hakuna mtu wa mbali aliyeitazama mara mbili. Mwaka huo Waingereza walileta mpango wa karanga. Kwao mafuta ya kupikia yalikuwa adimu baada ya vita, wakajipangia zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika. Vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta, na minyororo mizito ikafungwa kati ya matingatinga mawili ili iangushe vichaka. Vichaka vilianguka, lakini mizizi ilibaki. Udongo wa pale una mfinyanzi: jua likipiga unakazana, karanga zilizokomaa hazichimbuki. Una pia mchanga mkali uliokula vyuma vya majembe. Mvua nazo zilikuja zinavyotaka. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea.

Kilichobaki ndicho kinachotuhusu: tawi la reli lililochepuka kutoka Reli ya Kati, majengo, barabara, na eneo kubwa lililosafishwa lisilo na mwenye shughuli nalo. Ukitafuta mahali pa kuweka mamia ya vijana wenye kufanya mazoezi ya vita, mbali na bandari na balozi, mwekezaji aliyefilisika amekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Nachingwea, kambi kubwa ya FRELIMO baadaye, nayo ilikuwa shamba la mpango huohuo wa karanga. Sidhani kama hilo ni sadfa.

Kuna sababu ya pili ambayo wengi huiruka. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Mei 1963, na Kamati yake ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi, na serikali ililazimika kuomba msaada wa makomando wa Kiingereza. Jeshi jipya, JWTZ, liliundwa Septemba mwaka huohuo. Yaani serikali iliyotoka kuonja uasi wa jeshi lake ilikuwa inakaribisha majeshi ya wageni! Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipotoka nidhamu ya mambo ya silaha: shehena kutoka nchi rafiki ilipita mikononi mwa Watanzania kabla ya kufika kwa wapiganaji. Hakuna chama kilichoagiza bunduki zake kikaziweka kinapotaka.

Wa kwanza kufika walikuwa FRELIMO, mwaka 1964, wakiwemo waliotoka kufundishwa Algeria. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alikuwa mmoja wao. Kisha wakaja SWAPO na ANC, halafu ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Kila chama kilikuwa na sehemu yake na makamanda wake. Kamati ya Ukombozi iligawa fedha na vifaa kutokana na michango ya nchi wanachama, na michango hiyo ilikuwa na sifa moja ya kudumu: kuchelewa. Ndiyo maana kulima bustani kulikuwa sehemu ya maisha ya kambi pamoja na gwaride, ulinzi wa usiku na madarasa ya siasa.

Safari ya mpiganaji wa Afrika Kusini inaonyesha vizuri kazi ya Kongwa. Alitoroka kupitia Bechuanaland (Botswana ya leo), akavuka Zambezi pale Kazungula, akapanda kaskazini mpaka Mbeya na Dar es Salaam. Hapo hakwenda Kongwa. Alipelekwa nje, labda Odessa katika Umoja wa Kisovieti, labda China, akasomea silaha, mabomu na mbinu za msituni. Aliporudi ndipo akafikishwa Kongwa, akiwa askari kamili. Sasa unamfundisha nini? Unampa mazoezi ya viungo alfajiri, unarudia aliyokwisha kuyasoma, na anakuuliza: tunaondoka lini?

Jibu lilikuwa kwenye ramani. FRELIMO walipakana na Tanzania. Ukivuka mto Ruvuma uko Cabo Delgado, ndani ya Msumbiji. Vita vyao vilianza 25 Septemba 1964. Mtu akiiva, anakwenda. Wa SWAPO alikuwa na zaidi ya kilomita 2,500 hadi Ovambo, kaskazini mwa Namibia, hata kama angeruka kama ndege. Kundi la kwanza, watu sita chini ya John Otto Nankudhu, waliondoka 1965 wakapitia Zambia na kusini mwa Angola, na mapigano ya kwanza yakatokea Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966. Tobias Hainyeko, kamanda wao mkuu, aliuawa Mei 1967 kwenye mto Zambezi akijaribu kufungua mawasiliano na walioko ndani.

Kwa ANC ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa kati ya Zambia na mto Limpopo, mpaka wa Afrika Kusini, kulikuwa na Rhodesia nzima (Zimbabwe ya leo) ya Ian Smith. Mwaka 1966 kundi moja la Kongwa lilichukua gari bila ruhusa likaenda Morogoro, makao makuu ya chama, kudai lipelekwe vitani. Mwaka uliofuata ndipo wapiganaji wa ANC, Chris Hani akiwemo, walipovuka Zambezi pamoja na ZAPU kuingia Wankie, magharibi mwa Rhodesia. Hawakufika Afrika Kusini. Hani aliponusurika na kutoka kifungoni Botswana, yeye na wenzake waliandika waraka mkali kuhusu uongozi, na mkutano wa Morogoro wa Aprili 1969 ukaitishwa. Wasomaji wengi huuanza mjadala huo Wankie. Mimi ningeuanzia Kongwa.

SWAPO nao hawakuepuka. Mwaka 1968 kikundi cha wapiganaji waliosoma China kiliwakosoa viongozi kwa maandishi, kikajiuzulu, na wanachama wake wakatiwa kizuizini hapahapa Tanzania.

Kwa anayeandika habari za mzee wake, uliza chama na mwaka kabla ya kuandika "Kongwa". Nachingwea ilikuwa ya FRELIMO, na baada ya kufunguliwa, uzito wa mafunzo yao ulihamia huko. Wapiganaji wengi wa MK, jeshi la ANC, walihamishiwa Umoja wa Kisovieti 1969. Mzee wa ZANU, chama kingine cha Zimbabwe, wa miaka ya 1970 kuna uwezekano mkubwa alikuwa Mgagao mkoani Iringa, au Itumbi upande wa Chunya. Na aliyetaja Mazimbu anazungumzia shule ya ANC huko Morogoro, ambayo haikuwa kambi ya vita hata kidogo.