Sonona kazini: yanayosemwa na ukweli wake

“Huyo anategea tu”

Tuanze na hii, maana ndiyo inayowagharimu watu ajira. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu (kwa Kiingereza, depression), kazini mara nyingi haiji na machozi, inakuja na makosa. Hesabu za kufunga siku hazikai sawa. Ujumbe mmoja unasomwa mara tatu na bado haujajibiwa. Mtu anachelewa kwa sababu ameshtuka saa tisa usiku na usingizi haukurudi. Msimamizi anaona utendaji umeshuka na anashika kalamu ya barua ya onyo, kumbe umakini, usingizi na uwezo wa kuamua vimeporomoka kwa pamoja, na vyote vitatu ni dalili za ugonjwa wenyewe.

Mtegeaji akishatoka getini huchangamka. Mwenye sonona, mara nyingi, hata timu yake ikishinda Jumapili haimgusi. Daktari hutafuta dalili 5 au zaidi kati ya 9, zilizodumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi na kuvuruga maisha: huzuni, kukosa hamu, usingizi kuharibika, hamu ya kula kubadilika, uchovu, kujiona huna thamani, kushindwa kutulia kimawazo, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na mawazo ya kifo. Lazima mojawapo iwe huzuni au kukosa hamu.

Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, huuliza haya haya, na kila swali lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, nenda ukapimwe rasmi. Swali la mwisho, la kufikiria kufa au kujidhuru, halisubiri jumla: ukijibu chochote zaidi ya sifuri, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiende peke yako, na dawa au viuatilifu vilivyomo nyumbani akabidhiwe mtu mwingine.

“Mimi naumwa kichwa na mgongo, siyo mawazo”

Wengi huingia zahanati kwa mlango huu. Wanapimwa malaria, taifodi, vidonda vya tumbo, wanapewa dawa za maumivu, na mwezi unaofuata wamerudi. Maumivu ni ya kweli. Sonona huumiza mwili. Tatizo ni kwamba daktari ana dakika chache na anajibu lile ulilolitaja kwanza. Kwa hiyo anza na usingizi na hamu: “Kwa wiki tatu naamka saa tisa usiku, sina hamu ya kitu, na kazini nakosea.” Kichwa kifuate. Uliza pia kama kuna haja ya kupima wingi wa damu na tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwa sababu upungufu wa damu na thairoidi inayofanya kazi chini ya kiwango huleta uchovu unaofanana sana na huu.

“Ukisema, umejifukuzisha”

Tusidanganyane: umbea ofisini upo, na si kila bosi ni muungwana. Lakini kunyamaza kuna hatari kubwa zaidi, kwa sababu asiyesema huishia kutoonekana kazini. Kwa Tanzania, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kuwa kosa linaloweza kukuachisha kazi. Kanuni hizo hizo zinataka ugonjwa ushughulikiwe kwa njia nyingine: mwajiri aangalie chanzo, muda utakaochukua, na kazi mbadala. Kinachokuhamisha kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili ni karatasi ya daktari, na inafaa zaidi ikitangulia barua ya kujieleza kuliko ikiifuata.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Bila cheti cha daktari, mwajiri halazimiki kulipa, na aliye chini ya miezi 6 kazini kwa kawaida hana haki hii. Kenya ni finyu zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka uwe umefanya kazi miezi 2 mfululizo, halafu inakupa angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu kila mwaka.

Huna haja ya kumsimulia kila mtu. Afisa utumishi au msimamizi mmoja anatosha, na ombi liwe la kupimika: “Kwa wiki 4 naomba nisipangwe zamu ya usiku, nianze saa tatu asubuhi, na maagizo yaje kwa maandishi.” Ombi la “naomba mnielewe” halitekelezeki, hata kwa bosi mwenye moyo mzuri. Baki na nakala ya kila kitu.

“Chukua likizo, itapita”

Likizo humsaidia aliyechoshwa na kazi. Kwa mwenye sonona, wiki mbili za kulala chumbani pazia limefungwa huongeza uzito. Akipewa mapumziko, siku ziwe na ratiba hata ndogo: kuamka saa ile ile, kutembea nusu saa, kumtembelea mtu mmoja. Hamu hufuata kitendo, kwa hiyo asiisubiri.

“Maombi yanatosha”

Sali, na kliniki nenda pia.

“Dawa zitakufanya teja”

Dawa za sonona kama fluoksetini, ambayo wengi huanzishiwa miligramu 20 asubuhi, hazileti arosto ya kutafuta dozi kubwa kila siku. Zinakwama kwingine. Kichefuchefu na kuhangaika hutangulia, nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 4 au zaidi, basi mtu anaacha siku ya kumi akisema haimfai. Mwingine anapona mwezi wa pili na kutupa pakiti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha.

Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, humezwa usiku na inasinzisha, kwa hiyo dereva au mwendesha mashine aseme kazi yake kabla ya kuandikiwa. Pombe inarudisha nyuma kazi yote. Tramado, dawa ya maumivu, ikichanganywa na fluoksetini inaweza kuleta degedege. Na kama umewahi kupitia siku kadhaa za nguvu nyingi kupindukia bila usingizi, litaje, kwani dawa ya sonona peke yake inaweza kukurudisha huko.

Kuacha hufanywa na daktari, kwa kupunguza taratibu wiki 4 au zaidi. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na hasira za ajabu. Kama wewe ni mhasibu, usianze kupunguza mwezi wa kufunga mwaka.