Australia wakati wa korona: dhana potofu kuhusu mipaka, hasira na nani aliyebeba mzigo

Kuna mtaa kule Australia ambao upande wake mmoja ni Coolangatta, jimbo la Queensland, na upande wa pili ni Tweed Heads, jimbo la New South Wales. Siku za kawaida hakuna anayeuona mpaka. Mtu analala huku na kufanya kazi kule, mtoto anasoma huku, bibi yake anakaa kule. Mwaka 2021 katikati ya mtaa huo vilipangwa vizuizi vya plastiki vya rangi ya chungwa. Septemba, siku ambayo Waaustralia huwaadhimisha akina baba, familia zilikuja zikasimama pande zote mbili na kukumbatiana juu ya vile vizuizi. Wengine walikuja na viti kabisa, wakakaa kupiga gumzo na jamaa zao, plastiki ikiwa katikati.

Picha zile zilinifanya niitazame upya hadithi tuliyokuwa tukirushiana kwenye WhatsApp, ile ya "Australia imegeuka jela". Ukweli umo ndani yake, ila umekaa mahali pasipo pake. Nimezikusanya hapa dhana ninazokutana nazo mara kwa mara, maana bado watu wanazirudia.

Dhana: Serikali kuu ndiyo iliyoyatenga majimbo

Hapana. Serikali ya shirikisho, iliyo Canberra, ilifunga mpaka wa nje. Tarehe 20 Machi 2020 wageni walizuiwa kuingia, na siku chache baadaye raia na wakazi wa kudumu wakakatazwa kutoka bila kibali. Mipaka ya ndani ilifungwa na majimbo yenyewe, kila moja kwa sheria zake. Tasmania ilitangulia mwezi huohuo wa Machi. Australia Magharibi ilifunga tarehe 5 Aprili 2020, na haikufungua kikamilifu hadi tarehe 3 Machi 2022.

Ili kuelewa, rudi nyuma hadi 1901. Kabla ya hapo haya yalikuwa makoloni tofauti ya Waingereza, kila moja na bunge lake na ushuru wake wa forodha. Yalipoungana hayakukabidhi kila kitu. Hospitali, polisi na shule zilibaki mikononi mwa majimbo. Kwa hiyo gonjwa lilipoingia, anayeamua duka lipi lifungwe na nani asivuke daraja alikuwa kiongozi wa jimbo, si Waziri Mkuu Scott Morrison. Viongozi hawa walikutana naye katika baraza lililoundwa Machi 2020, wakatoka na tamko moja, kisha kila mmoja akarudi kwake kufanya lake.

Je, katiba iliruhusu? Kifungu cha 92 kinasema biashara na safari kati ya majimbo ziwe huru. Tajiri wa madini Clive Palmer alikwenda nacho mahakamani kuishtaki Australia Magharibi. Serikali ya Morrison ilianza kumuunga mkono, halafu, ilipoona upepo wa wananchi unavuma upande gani, ikajitoa. Novemba 2020 mahakama ya juu kabisa ya nchi iliamua kwamba kufunga mpaka kwa sababu ya afya ya umma hakukuvunja katiba.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Wakati wa homa ya mafua ya 1919 majimbo yalifungiana vilevile. New South Wales na Victoria zilipotengana Julai 2020, zilikuwa hazijafanya hivyo kwa miaka mia na moja.

Dhana: Nchi nzima ilifungiwa ndani miaka miwili

Melbourne, mji mkuu wa jimbo la Victoria, ilifungiwa mara sita, jumla ya siku 262. Kipindi kimoja tu, cha katikati ya 2020, kilidumu siku 112. Watu hawakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani, na usiku kulikuwa na kafyu. Huko Perth, mji mkuu wa Australia Magharibi, baada ya wimbi la kwanza la 2020, mji ulifungwa mara tatu katika 2021: siku tano, siku tatu, siku nne. Basi. Hizi ni nchi mbili ndani ya nchi moja.

Kama unataka kuiona tofauti hiyo kwa tukio moja, litazame lile la tarehe 25 Septemba 2021. Fainali ya kandanda ya Kiaustralia, ile ya mpira wa yai, huchezwa Melbourne kwa desturi ya miaka mingi. Mwaka huo ilihamishiwa Perth kwa sababu Melbourne ilikuwa imefungwa. Timu zote mbili zilitoka Melbourne. Na moja kati yao, inayoitwa kwa jina la mji wenyewe, ilishinda ubingwa ambao haikuwa imeupata tangu 1964. Uwanjani Perth walikuwapo watu zaidi ya 60,000, bega kwa bega. Mashabiki waliosubiri miaka 57 walikuwa nyumbani mbele ya televisheni, hawaruhusiwi hata kualika jirani, na mchezo ulipoisha kafyu ya saa tatu usiku ilikuwa imeshaanza. Hebu fikiria timu yako ya utotoni.

Dhana: Wananchi waliichukia mipaka hiyo

Hapa ndipo sisi wa mbali tunapokosea zaidi, kwa sababu kelele za mtandaoni zilitoka kwa walioipinga. Masanduku ya kura yalisema mengine. Annastacia Palaszczuk, kiongozi wa jimbo la Queensland, alichaguliwa tena Oktoba 2020. Machi 2021 chama cha Mark McGowan, aliyeifunga Australia Magharibi kama kisanduku, kilipata viti 53 kati ya 59 vya bunge la jimbo. Hata Daniel Andrews wa Victoria, ambaye mji wake mkuu ulifungwa kuliko mwingine wowote nchini, alishinda tena Novemba 2022 kwa wingi mkubwa. Aliyeanguka ni Morrison, Mei 2022.

Lakini kura za wengi hazifuti machungu ya wachache. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyeishi katikati ya Perth, mbali na mpaka wowote, alipata maisha ya kawaida bila gharama kubwa. Aliyeishi Albury au Wodonga, miji pacha iliyotenganishwa tu na mto Murray, mpaka wa New South Wales na Victoria, alipanga foleni ya kibali ili afike kazini. Mkulima mwenye mashamba pande zote mbili alizuiwa kwenda kuangalia mifugo yake. Agosti 2020 Palaszczuk alisema hadharani kwamba hospitali za Queensland ni za watu wa Queensland. Maneno yale yaliniuma, na yananiuma mpaka leo, kwa sababu mgonjwa wa Tweed Heads tangu azaliwe hospitali yake kubwa iko ng'ambo ya mpaka huo.

Halafu wako waliobaki nje kabisa. Nafasi za kurudi nchini ziliwekewa ukomo kuanzia Julai 2020, na zaidi ya raia 40,000 walikuwa wamejiandikisha kwamba wanataka kurudi na wameshindwa. Mei 2021, India ilipokuwa ikichoma maiti mchana na usiku, Canberra ilitangaza kwamba raia wake akirudi kutoka huko anaweza kufungwa miaka mitano au kutozwa faini ya hadi dola 66,600 za Australia. Amri hiyo ilidumu chini ya wiki mbili, lakini Waaustralia wenye asili ya India hawajaisahau. Mhamiaji aliyefiwa na mzazi Mombasa au Bujumbura alihitaji kwanza kibali cha kutoka, kisha bahati ya kupata kiti cha ndege ya kurudi, kisha siku 14 hotelini kwa takriban dola 3,000 za mfukoni mwake. Wengi walizika kwa simu.

Dhana: Kanuni zilikuwa za wote, kwa hiyo maumivu yalikuwa ya wote

Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote. Tunazungumza kuhusu jimbo na jimbo kwa sababu mpaka wa jimbo unaonekana kwenye ramani. Mpaka uliokata ndani zaidi ulipita katikati ya miji, na haukuwa na vizuizi vya rangi ya chungwa.

Jumamosi ya tarehe 4 Julai 2020, alasiri, Andrews alitangaza kwamba maghorofa tisa ya nyumba za serikali huko North Melbourne na Flemington yanafungwa saa hiyohiyo. Si kesho. Polisi walikuwa wameshafika kwenye milango. Wakazi wapatao 3,000, wengi wao wahamiaji na wakimbizi, wakiwemo waliotoka Somalia, Ethiopia, Eritrea na Sudan, walikatazwa kutoka hata kununua maziwa. Watu wengine wa Melbourne katika mitaa iliyofungwa waliruhusiwa kwenda dukani na kufanya mazoezi. Hawa hawakuruhusiwa. Mtu aliyetoka kufanya manunuzi alirudi akakuta polisi mlangoni kwake. Chakula kilichelewa, kingine hakikuwa cha halali. Dawa zilichelewa. Vijana wa humohumo na vyama vya Waislamu ndio waliobeba maboksi ya chakula hadi wakubwa walipojipanga. Maghorofa manane yalifunguliwa baada ya siku tano. La tisa, 33 Alfred Street, lilikaa wiki mbili.

Desemba mwaka huo Deborah Glass, mchunguzi wa malalamiko ya umma wa Victoria, alitoa ripoti yake. Alikubali kwamba kuyafunga maghorofa kulikuwa na sababu za kiafya. Alichokataa ni ile pupa ya kufunga papo hapo: ushauri wa wataalamu wa afya haukuidai, na kwa kuifanya, serikali ilivunja haki za binadamu za wakazi.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Sydney, mji mkuu wa New South Wales. Delta, aina ya kirusi cha korona iliyoenea kwa kasi zaidi, iliingia Juni 2021 kupitia dereva aliyekuwa akiwasafirisha wafanyakazi wa ndege za kimataifa, na ilianzia mashariki mwa mji, kwenye fukwe na nyumba za bei kubwa. Huko serikali ilianza taratibu, kwa maombi. Ugonjwa ulipohamia magharibi na kusini-magharibi, kwa madereva wa malori, wafanyakazi wa maghala na walezi wa wazee, yaani watu ambao kazi yao haifanyiki kwenye kompyuta sebuleni, maeneo 12 yaliwekewa kanuni za peke yake. Kafyu ilianza saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na mazoezi yakawa saa moja tu kwa siku. Askari wa jeshi wapatao 300 waliingia mitaani pamoja na polisi. Wakati huohuo magazeti yalichapisha picha za fukwe za mashariki zikiwa zimejaa watu. Mkimbizi wa Iraq anayeishi Fairfield, kule magharibi, ambaye aliikimbia nchi yake kwa sababu ya watu wenye sare, afungue mlango akute askari: hapo hata tabasamu la askari halisaidii sana.

Faini nazo zilimwagika. Novemba 2022, baada ya kesi mahakamani, New South Wales ilizifuta faini 33,121 kwa sababu maandishi yake hayakueleza kosa inavyotakiwa kisheria. Ni zaidi ya nusu ya zote zilizokuwa zimetolewa. Kuna waliokuwa wameshalipa kwa kujinyima.

Na kifo hakikugawanywa sawa. Takwimu za taifa zilionyesha kwamba walioishi katika maeneo maskini zaidi walikufa kwa korona kwa kiwango cha karibu mara tatu ya walioishi katika maeneo tajiri zaidi.

Dhana: Waliokasirika walikuwa wapinga chanjo

Wapo waliokuwa hivyo, na wengine walifanya vurugu. Septemba 2021 kundi liliponda madirisha ya ofisi ya chama cha wafanyakazi wa ujenzi mjini Melbourne, na kesho yake wakaziba njia kwenye daraja la West Gate. Video hizo ndizo zilizotufikia. Lakini kabla ya mwaka kuisha, zaidi ya asilimia 90 ya watu wenye miaka 16 na kuendelea walikuwa wamemaliza chanjo zao. Hasira ya wengi katikati ya 2021 ilikuwa kinyume kabisa: waliitaka chanjo na hawakuipata. Morrison alikuwa amesema kwamba hayo si mashindano ya mbio. Ushauri kuhusu nani apewe chanjo ya AstraZeneca ulibadilika Aprili, ukabadilika tena Juni, na chanjo ya Pfizer haikutosha. Sydney ilipofungwa mwishoni mwa Juni, waliokuwa wamemaliza dozi zote hawakufika mtu mmoja kati ya kumi.

Dhana: Yote yalikuwa bure

Hili nalijibu kwa ufupi, kwa sababu hesabu iko wazi. Mwaka 2020 Australia ilipoteza watu 909 kwa korona, katika nchi ya watu milioni 25, na vifo vyote kwa jumla mwaka ule vilikuwa chini ya ilivyotarajiwa. Mipaka iliokoa maisha. Sioni sababu ya mtu mwaminifu kulikana hilo.

Ila wapo wanaotoka hapo wakaruka hadi kusema kwamba basi hakuna la kulaumu, na hao nao wamekosea. Tume iliyoundwa na serikali ya shirikisho ilitoa ripoti Oktoba 2024. Ilieleza kwamba imani ya watu kwa serikali iliporomoka, na kwamba hatua nyingi walizozikubali safari ile huenda wasizikubali tena. Sababu si kwamba watu walichoka kukaa ndani. Waliona amri zikija bila maelezo, na uzito wake ukipimwa kwa mtaa anaoishi mtu.

Glass alipendekeza kwamba serikali ya Victoria iwaombe radhi watu wa maghorofa yale. Serikali ilikataa. Wakazi walifungua kesi ya pamoja, na mwaka 2023 serikali ikakubali kulipa dola milioni 5. Mwaka huohuo ilitangaza kwamba maghorofa yote 44 ya nyumba za umma mjini Melbourne yatabomolewa na kujengwa upya ifikapo 2051, na 33 Alfred Street limo.